Penye Njia Moja Hapana Nauli ya Haki

Miongoni mwa masuala ambayo Waswahili wakaao Ulaya huulizana kila msimu wa likizo unapokaribia, mtu wa London akiwa na nia ya kuwachukua watoto wake kwa gari kwenda kuwazuru akraba walioko Brussels, Paris au Hamburg, liko moja lisilokwisha mjadala: je, ni bora kuuvuka mlango wa bahari wa Dover kwa meli, au kupita chini yake kwa handaki? Mmoja husifu meli kwa urahisi wa nauli. Wa pili husifu handaki kwa wepesi wake na kwa kutoujali upepo. Na wa tatu, ambaye safari yake ya mwisho ilimlaza katika foleni, huvilaani vyote viwili. Mazungumzo ya namna hiyo huishia pale yalipoanzia, kwa sababu wasemaji hulinganisha vyombo tu, wakausahau mpango mzima wa kuvuka ambao vyombo hivyo ni sehemu yake. Rai yangu, ambayo nakusudia kuitetea katika makala haya, ni kwamba nauli ya haki na safari ya kuaminika haziletwi na meli peke yake wala na handaki peke yake. Huletwa na kuwapo kwa vyote viwili pamoja, kila kimoja mikononi mwa mwenyewe, na kila kimoja na udhaifu usiofanana na wa mwenziwe. Na sisi wa Afrika Mashariki, tulio katika zama za kujenga madaraja na kuzichoka feri na pantoni, tuna haja ya kulitafakari jambo hili kabla ya kufanya haraka tutakayoijutia.

Mlango huo wa bahari, pale ulipo mwembamba kabisa, una upana wa kiasi cha kilomita 33, na siku ya anga safi mtu aliyesimama juu ya majabali meupe ya Dover huiona Ufaransa kwa macho yake. Juu ya maji hayo hupita meli kubwa za P&O, DFDS na Irish Ferries, zichukuazo magari, malori na watu kutoka Dover hadi Calais kwa muda wa saa moja na nusu hivi; na baadhi yake huelekea Dunkerque, safari ya saa mbili. Chini ya maji hayo hayo lipo handaki la reli la kilomita 50, ambazo kiasi cha 38 ziko chini ya bahari, lililofunguliwa tarehe 6 Mei 1994 na Malkia Elizabeth wa Pili pamoja na Rais François Mitterrand. Yafaa msomaji afahamu kwamba gari haliendeshwi humo ndani: dereva hulipandisha gari lake ndani ya behewa huko Folkestone, akakaa mle mle garini pamoja na aila yake, treni ikaondoka, na baada ya dakika 35 akateremka Coquelles, nje kidogo ya mji wa Calais. Na kile tunachokiita handaki kwa umoja ni mahandaki matatu yaliyolala sambamba, mawili ya reli, na la tatu, lililo jembamba zaidi, katikati yao, ambalo halipitishi abiria yeyote siku za kawaida, bali limewekwa kwa ajili ya matengenezo na kwa kuwaokoa watu inapotokea ajali.

Tuanze na nauli. Kwa mtazamo wa juu juu meli ni rahisi na handaki ni ghali, na aghalabu ndivyo ilivyo. Walakini hakuna upande wenye bei moja ya kudumu, kwa kuwa pande zote mbili hupanga nauli kwa mwezi, kwa siku na kwa saa, hata gari lile lile likivuka alfajiri ya Jumanne katika mwezi wa Februari, kisha likavuka adhuhuri ya Jumamosi katika mwezi wa Agosti shule zikiwa zimefungwa, hulipishwa malipo yasiyofanana hata kidogo. Handaki hutoza gari kwa ujumla wake, hata likiwa na watu tisa ndani, na kwa hiyo aila kubwa huona nafuu ambayo msafiri wa peke yake haioni. Anayenunua tikiti mapema hupunguziwa. Anayefika langoni bila ya tikiti, akiwa na msiba wa kuwahi, hutozwa kwa kadiri ya haja yake. Kisha zipo gharama zisizoandikwa katika tikiti yoyote, kama vile chakula kinacholiwa melini, malazi ya aliyechelewa, na thamani ya saa zenyewe, ambayo haiwi sawa kwa watu wote. Dereva wa lori, ambaye sheria za Ulaya humlazimisha apumzike dakika 45 baada ya kuendesha kwa saa nne na nusu, huihesabu ile saa na nusu ya melini kuwa ni mapumziko halali aliyoyapata huku safari ikiendelea. Na mwenye watoto wadogo wanaotapika baharini huihesabu kuwa ni adhabu. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba njia fulani ni rahisi, kabla hajataja ni rahisi kwa nani, kwa siku gani na kwa haja ipi, bado hajasema neno la kutegemewa.

Lakini nauli yenyewe hutoka wapi? Historia ya maji hayo inajibu vizuri kuliko hesabu yoyote. Katika miaka ya 1920 uvushaji wa magari ulitawaliwa na kampuni ya reli ya kusini mwa Uingereza, Southern Railway, iliyolitendea gari kama shehena nyingine yoyote: lilifungwa kamba, likanyanyuliwa kwa winchi, likateremshwa melini, na mwenyewe akatozwa malipo yaliyomfanya ajiulize kama safari ilikuwa na lazima. Mwaka 1928 Kapteni Stuart Townsend, aliyechukizwa na malipo hayo, alikodi meli ndogo ya makaa ya mawe iliyoitwa Artificer, akaanza kuvusha magari kwa nauli nafuu. Chombo chake hakikuwa bora kuliko vya wenziwe, na magari yake nayo yalinyanyuliwa kwa winchi vile vile. Alichowazidi ni bei tu. Kampuni ya reli, ambayo hapo kabla haikuona sababu ya kujisumbua, ikalazimika kushindana, na mwaka 1931 ikaleta meli yake iliyotengwa kwa ajili ya magari, iliyoitwa Autocarrier. Bahari ilikuwa ile ile na umbali ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni kwamba msafiri aliyekataa bei ya mmoja alipata pa kwenda.

Kisa hicho kikarudi kwa ukubwa zaidi lilipofunguliwa handaki. Walikuwapo watu wengi, baadhi yao wajuzi wa biashara, waliotabiri kwamba meli za Dover hazitamaliza muongo mmoja, kwa kuwa nani angekubali kuyumbishwa na mawimbi kwa saa moja na nusu na hali aweza kupita chini yake kwa nusu saa? Utabiri ule ulishindwa. Nauli ziliposhuka kwa ushindani, kampuni za P&O na Stena, zilizokuwa mahasimu, ziliunganisha meli zao mwaka 1998 ili zihimili; na hata Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku, katikati ya mwaka 1999, uuzaji wa bidhaa zisizotozwa ushuru melini, biashara ambayo faida yake ilikuwa ikizifidia kampuni hizo nauli zao za chini, meli ziliendelea kung'oa nanga. Kilichotoweka ni chombo cha tatu, nacho ni hovakrafti, zile zilizoelea juu ya hewa na kuvusha magari kwa muda wa nusu saa na dakika chache tangu mwaka 1968. Hizo zilistaafishwa mwaka 2000, kwa kuwa gharama ya kuziendesha ilikuwa kubwa na mawimbi makubwa hazikuyaweza, hata zikawa hazina fadhila ambayo meli au handaki havikuwa nayo tayari.

Mwenye kufurahia nauli hizo yampasa pia ajue zililipiwa na nani. Serikali ya Margaret Thatcher ilishika sharti kwamba handaki lijengwe bila ya fedha ya hazina, na hivyo likajengwa kwa mikopo ya mabenki na kwa akiba za wanahisa, wengi wao wakiwa Wafaransa wa hali ya kawaida. Gharama ilipita makisio kwa kiasi cha asilimia 80. Na ilipofika mwaka 2006 kampuni ya Eurotunnel ilikuwa imelemewa na deni la karibu euro bilioni 9, hata ikaomba hifadhi ya mahakama mjini Paris, na mwaka uliofuata wakopeshaji na wanahisa wakakubali kupoteza sehemu kubwa ya mali yao ili kampuni isife. Kwa hiyo nauli anayotozwa mwenye gari leo imebebwa, kwa sehemu, na hasara ya watu wasiojulikana naye. Lau handaki lingekuwa peke yake katika maji yale, bila ya meli za kumtolea abiria bei nyingine, wakopeshaji wasingepoteza kitu: wangeipandisha nauli mpaka deni lishibe, na msafiri angelipa kwa kuwa hana hiari.

Sasa tutazame uaminifu wa njia zenyewe, ambao ndio nusu ya pili ya shauri, na kwa wengi ndio nusu iliyo kubwa. Hasimu wa kwanza wa meli ni upepo. Dhoruba za majira ya baridi zikivuma, bandari ya Dover hufungwa, na meli zilizomo baharini huzunguka nje ya kuta za bandari zikingojea idhini ya kuingia, huku abiria wake wakiiona nchi kavu na wasiweze kuifikia. Hasimu wa pili ni uzembe, na ushahidi wake ni meli ya Herald of Free Enterprise, iliyopinduka tarehe 6 Machi 1987 nje ya bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, ikiwa njiani kwenda Dover, kwa sababu iliondoka na milango yake ya mbele wazi. Watu 193 walifariki. Hasimu wa tatu ni tamaa ya mwenye mali. Tarehe 17 Machi 2022 kampuni ya P&O Ferries, iliyo mali ya DP World ya Dubai, jina ambalo si geni kwa wakazi wa Dar es Salaam, iliwaachisha kazi mabaharia karibu 800 kwa siku moja bila ya kuwapa ilani, ili iweke mahali pao watu wa ujira mdogo. Meli zake za Dover zikalala gatini kwa wiki kadhaa, ikaja Pasaka, na barabara za jimbo la Kent zikajaa malori yasiyokwenda mbele wala nyuma.

Handaki haliujui upepo, na hiyo ndiyo fahari yake. Hata hivyo lina masaibu yake, na makubwa zaidi ni moto. Tarehe 18 Novemba 1996 moto ulizuka katika treni ya malori chini ya bahari. Hakuna aliyekufa, lakini treni za malori hazikurudi katika kazi mpaka katikati ya mwaka 1997. Mwezi Septemba 2008 moto mwingine ukazuka, na huduma kamili haikurejea mpaka Februari 2009. Mwezi Desemba 2009 treni tano za abiria za Eurostar zilikwama ndani, kwa kuwa zilitoka katika theluji zikaingia katika joto la handaki, na unyevu ukaingia katika mitambo ya umeme. Watu zaidi ya 2,000 wakalala gizani bila ya kujua watatoka lini. Na mwezi Agosti 2022 abiria wa magari walilazimika kuyaacha magari yao, wakatembea kwa miguu katika lile handaki la tatu, jembamba, mpaka treni nyingine ya kuwachukua. Hapo ndipo ilipodhihiri thamani ya njia ambayo siku zote huonekana haina kazi.

Ukizipima taksiri hizi kwa mizani moja utaona kwamba za meli ni nyingi na fupi, na za handaki ni chache na ndefu. Meli ikiharibika, huharibika hiyo moja, na zilizobaki huendelea. Upepo ukivuma leo, kesho hutulia. Handaki hukaa miezi na miaka bila ya tukio, kisha siku likipata dhara, huzibika kwa wiki au kwa miezi. Hivyo anayeuliza ipi ni ya kuaminika zaidi anauliza swali lisilo na jibu moja, kwa kuwa aina hizi mbili za kushindwa hazipimiki kwa pishi moja. Lililo dhahiri ni kwamba hazifanani, na kutofanana kwake ndiko kunakowaokoa wasafiri. Upepo uifungao Dover haulifungi handaki. Moto ulifungao handaki haumfikii nahodha. Na kampuni iliyowadhulumu mabaharia wake iliwaacha abiria wapate msaada kwa washindani wake, japo kwa taabu na kwa foleni.

Pale ambapo njia mbili hizi huzimika kwa pamoja ni pale zinapotegemea kitu kimoja. Katika msimu wa kiangazi wa mwaka 2015 mabaharia wa Kifaransa, walioona ajira zao zinapotea, waliifunga bandari ya Calais na kuwasha matairi juu ya reli za handaki, na malori yakapangwa kwa maelfu katika barabara kuu ya M20. Na mwezi Julai 2022 foleni ya Dover iliwalaza watu garini ingawa bahari ilikuwa shwari na meli zilikuwapo, kwa sababu vibanda vya askari wa Kifaransa wakaguao pasi, ambao kwa mapatano ya nchi mbili hufanya kazi yao katika ardhi ya Uingereza, vilikuwa na watu wachache. Folkestone nako hali ikaharibika, kwa kuwa ukaguzi ni ule ule na barabara za kuiendea zinatoka katika jimbo lile lile. Funzo lake ni kwamba kuwa na vyombo viwili hakutoshi ikiwa mlango wa kuvifikia ni mmoja.

Kuna kisa kingine, ambacho kwa mawazo yangu ndicho chenye faida kuliko vyote kwa watunga sheria wetu. Kampuni ya meli ya SeaFrance ilipovunjwa mwezi Januari 2012, Eurotunnel yenyewe, mwenye handaki, ilinunua meli zake tatu, ikazikodisha kwa ushirika wa wafanyakazi, na huduma ikaitwa MyFerryLink. Wengi walishangilia, maana ajira mia kadhaa ziliokolewa. Lakini wasimamizi wa ushindani wa Uingereza walitazama mbele zaidi: mwenye handaki akiwa pia mwenye meli, walihoji, njia mbili zitakuwa moja kwa siri, na nauli itapanda. Waliamuru mwaka 2013, na tena mwaka 2014, kwamba huduma hiyo isitumie bandari ya Dover; shauri likapanda mahakama baada ya mahakama, mpaka Mahakama ya Juu ya Uingereza ikawapa haki wasimamizi mwezi Desemba 2015, wakati ambapo Eurotunnel ilikuwa imekwisha kata tamaa na meli mbili zimeangukia mikononi mwa DFDS. Mabaharia waliopoteza kazi ndio hao waliowasha matairi, na machungu yao sitayadharau. Hata hivyo hoja ya wasimamizi ilikuwa ya kweli: idadi ya njia haihesabiwi kwa macho, huhesabiwa kwa idadi ya mikono inayozishika.

Kwa msafiri, basi, nasaha ni fupi. Anayeweza kuchagua siku, achague siku isiyo ya likizo, na meli itamfaa kwa bei. Anayefuata harusi, mazishi au miadi ya daktari, alipie handaki, hususan majira ya baridi, na hicho anachokiongeza akihesabu kuwa ni bima. Na kila mmoja, kabla hajatoka nyumbani, atazame habari za njia asiyoikatia tikiti, maana ndiyo atakayoikimbilia. Lakini makala haya hayakuandikwa kwa ajili ya msafiri wa Dover peke yake.

Tarehe 29 Aprili 1994, siku saba kabla ya Malkia na Rais kulifungua handaki lao, feri ya MV Mtongwe ilizama katika maji ya Mombasa asubuhi, imejaa watu waendao kazini, na watu 272 wakafa. Hawakuichagua feri ile kwa kuilinganisha na nyingine. Waliipanda kwa sababu shibe ya watoto wao ilikuwa ng'ambo, na kwa maelfu ya watu wa kusini ya kisiwa njia ilikuwa ni maji. Miaka mingi baadaye hali ya kivuko cha Likoni ilibaki karibu na ile: aendaye kwa miguu havushwi kwa malipo, mwenye gari hulipa, na wote kwa pamoja hungoja, na feri mbili zikiharibika kwa wakati mmoja, Diani na Kwale huwa kama nchi nyingine. Ndiyo sababu barabara ya Dongo Kundu, iliyokamilika mwaka 2024 ikizunguka kutoka Miritini hadi Kwale kwa madaraja marefu, ni neema kubwa, kwani imempa mwenye lori na mwenye gari la safari njia ambayo haiujui mlango wa Likoni kabisa.

Dar es Salaam nayo ina Daraja la Nyerere la Kigamboni, la mita 680, lililofunguliwa mwezi Aprili 2016 kwa fedha za mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, na za serikali, ambalo wenye magari hulilipia. Na huko Mwanza daraja la Kigongo na Busisi, la kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria, lililofunguliwa mwezi Juni 2025, limeufanya mwendo uliokuwa wa kungoja pantoni kuwa wa dakika chache. Hizi ni kazi za kujivunia. Lakini mwananchi wa Kigamboni aendaye kwa miguu Kariakoo au Posta hafaidiki na daraja lililo mbali na pantoni yake. Kwake yeye pantoni ya MV Magogoni ndiyo iliyokuwa daraja, na ilipopelekwa Mombasa kwa ukarabati mwaka 2023 alijua maana yake kwa kusimama. Baadaye vyombo vya kampuni ya Azam Marine vikaja kusaidia, na hapo ndipo lilipoonekana tena lile la mwaka 1928: mtu akipata pa kwenda, heshima yake huongezeka.

Ninasikia wasemao kwamba nchi zetu si tajiri, na kwamba kulipia daraja na kivuko kwa wakati mmoja ni israfu. Na wengine hutukumbusha methali ya wazee kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Methali ni ya kweli, lakini fisi alishindwa kwa sababu alikuwa mmoja na alitaka kupita zote mbili kwa pamoja; umma una watu maelfu, na wanaopita njia hii si lazima wawe ndio wanaopita ile. Ama kuhusu gharama, kivuko kilichokwisha nunuliwa hakidai tena gharama ya kukinunua; kinadai mafuta, mabaharia na matengenezo. Na gharama ya kutokuwa nacho huonekana siku moja tu, ambayo haitangazwi mapema. Usiku wa tarehe 26 Machi 2024 meli ya makontena iitwayo Dali iligonga nguzo ya daraja la Francis Scott Key huko Baltimore, Marekani, na daraja zima likaanguka majini. Mji ule haukukatika vipande viwili, kwa sababu chini ya bandari yake yalikuwapo mahandaki mawili ya magari. Waliolazimika kuzunguka mbali ni hasa wenye malori ya shehena za hatari, ambayo hayaruhusiwi kupita mahandakini. Kilindini, huko Mombasa, nako meli za makontena hupita kila siku, na wanaopanga daraja juu ya mlango ule hawana budi kuifikiria nguzo ya Baltimore.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, mwenye daraja na mwenye kivuko wasiwe mtu mmoja wala idara moja, na nauli zao zipimwe na msimamizi asiye chini ya yeyote kati yao, kama walivyofanya wale wa Uingereza walipoukataa muungano uliopendeza machoni. Pili, sehemu maalumu ya ushuru wa daraja, pale unapotozwa, itengwe kwa sheria kwa ajili ya matengenezo ya kivuko, kwa kuwa daraja hufaidika na kivuko siku ile linapofungwa, na yule anayefaidika na bima sharti ailipie. Tatu, kila mwezi zitangazwe hadharani safari zilizofutwa, muda wa kungoja na vyombo vilivyo katika matengenezo, ili mabishano ya barazani yapate hesabu ya kusimamia. Na juu ya hayo matatu, barabara za kuviendea vyombo zisiwe mlango mmoja, maana Dover imetuonyesha kwamba foleni ya nchi kavu huweza kuzishinda meli zilizo tayari.

Kila sherehe ya kufungua daraja huwa na ngoma, hotuba na utepe, na si haki kumwonea kijicho waziri anayeukata. Bali waandishi wa habari waliohudhuria wana wajibu wa kumwuliza kabla hajapanda gari lake: siku daraja hili litakapofungwa, kwa moto, kwa ajali au kwa matengenezo, watu hawa watavuka kwa chombo gani, cha nani, na kwa nauli iliyopangwa na nani? Akiwa na jibu, daraja lake limekamilika. Asipokuwa nalo, pantoni inayongoja kuuzwa pale gatini isiuzwe kwanza.